Kiwanda kikirudi kwao, sisi je?

Hapa Mombasa ukiuliza kwa nini kampuni za Marekani zinarudisha viwanda nyumbani, wengi watakwambia ni Trump na ushuru wake, basi. Ushuru upo kweli, bidhaa za China zimebanwa toka 2018, lakini mambo haya yalianza kabla.

Angalia GE, kampuni ya Marekani ya vifaa vya umeme. Ile hita yao ya maji, GeoSpring, ilikuwa yaundwa China, mwaka 2012 wakaihamishia Louisville, Kentucky. Walipoifungua wakaona mabomba ya ndani yamepindanapindana, kuyachomelea ni taabu tupu, basi wachoraji wakakaa na wale wa kuunda wenyewe wakaichora upya yote, kazi ya masaa 10 ikawa ya masaa 2, na bei dukani ikashuka toka dola 1,599 hadi 1,299. Na mshahara wa Marekani ni mkubwa jamani! Nikasoma hiyo mara mbili, manake sisi kila siku twaambiwa mwekezaji anafuata mshahara mdogo.

Kumbe mwenye mali apiga hesabu yote, nauli ya kontena, wiki za baharini, kasoro inayoonekana mzigo ushapakiwa. Watu wa bandari twalijua hili. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama mfereji wa Suez siku sita dunia ikasimama, halafu kuanzia mwisho wa 2023 meli zikawa zakwepa Bahari ya Shamu sababu ya mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen, zazunguka Afrika Kusini kule chini.

Si wote wanaofaulu lakini. Adidas walifungua viwanda vya viatu vyenye roboti Ansbach, Ujerumani, na Atlanta, Marekani, 2019 wakatangaza wanavifunga, ile teknolojia ikapelekwa kwa watengenezaji wao Asia. Na hata kiwanda kikirudi, mashine ndo zinazopata kazi nyingi.

Mimi wanaonitia wasiwasi ni kina dada wa EPZ, vile viwanda vya bidhaa za kuuza nje, huku Changamwe na Mikindani, wanaoshona nguo za soko la Marekani, soko lililofunguliwa na AGOA, sheria ya Marekani ya 2000 iliyoruhusu bidhaa za Afrika kuingia kule bila ushuru. Kitambaa kingi chatoka Asia kwa meli, chashonwa hapa, chapanda meli tena, chetu ni mshono peke yake, na mshono ni rahisi sana kuhamisha. Halafu kiongozi akienda nje kutafuta wawekezaji aringia vibarua vyetu ni bei nafuu, wallahi yaniuma.

Pamba yalimwa Lamu, yalimwa Tana River. Mbona uzi usisokotwe Pwani hii hii na kitambaa kifumwe hapa, hata tukianza na kiwanda kimoja?