Kurasa Mbili Mbele: Safari Yangu ya Dayton, Tennessee

Mpwa wangu nusura anipeleke Ohio. Jioni ile nilimwambia, "Kesho twende Dayton," naye akaandika jina kwenye simu, ikamjibu kwamba kutoka Atlanta ni karibu saa nane za barabara. Akashusha pumzi. "Mjomba, hapo mpaka niombe ruhusa kazini." Nikamwambia ninayoitaka mimi ni Dayton ya Tennessee, kimji kilicho juu kidogo ya Chattanooga, kwenda na kurudi siku moja. Yeye ni dereva wa malori, ameizunguka Marekani kuliko wenyeji wengi, lakini Dayton hiyo hakuwahi kuisikia.

"Kuna nini huko?"

"Kuna mahakama."

"Kwani una kesi?"

Sina kesi. Mimi ni mwalimu wa Historia, Karatu, na kila mwaka lazima nipite kwenye mada ya mageuko ya binadamu na Kidato cha Kwanza. Kila mwaka kuna mkono unaonyooshwa nyuma ya darasa: "Mwalimu, kama tulitokana na nyani, mbona hawa wa Manyara hawageuki?" Darasa linacheka, nami nachora ule mti wenye matawi ambao nimeuchora mpaka chaki inaujua yenyewe. Mwaka mmoja mzazi alinifuata ofisini, Biblia kwapani. Tukaongea, tukanywa chai, akaaga. Mambo yakaishia hapo. Ndiyo maana niliposoma kwamba kuna mahali mwalimu alipandishwa kizimbani kwa mada hiyohiyo, nikaweka nia: nikijaliwa kufika Marekani, nitapaona.

Tuliondoka alfajiri, likizo ya Juni. Mpaka Chattanooga ni barabara kuu, malori na mabango tu, sina la kusimulia. Baada ya hapo tukashika barabara namba 27 kuelekea kaskazini, mkono wa kushoto safu ndefu ya mlima unaoitwa Walden Ridge, kijani kizito, umejinyoosha kama ukuta. Mpwa wangu alikuwa anahesabu makanisa. Alipofika ishirini akaacha.

Jengo la mahakama halikutupa shida kulitafuta. Ni la matofali mekundu, lina mnara, limesimama katikati ya bustani yenye miti mikubwa, na limekuwa hapo tangu 1891. Kwenye nyasi kuna sanamu mbili za shaba. Moja ni ya William Jennings Bryan, mgombea urais aliyeshindwa mara tatu, 1896, 1900 na 1908, aliyekuja kusaidia upande wa mashtaka. Nyingine ni ya Clarence Darrow, wakili wa Chicago, aliyekuja kumtetea mwalimu. Bryan aliwekwa mwaka 2005. Darrow alisubiri mpaka 2017. Mwalimu mwenyewe, John Scopes, sikumwona kwenye shaba yoyote pale nje, na nikiri kwamba jambo hilo lilinikera kidogo, kikazi.

Makumbusho yako chini, kwenye ghorofa ya ardhini. Mama mmoja wa makamo alitupokea, akatuuliza tumetoka wapi, nikasema Tanzania. Nikajaribu kutamka jina la kaunti yao, Rhea, nikasema "Rea" kama lilivyoandikwa. Akacheka kwa upole. "Rei," akasema. Tukaanza upya.

Habari yenyewe, kwa asiyeijua, ilianza na sheria. Machi 1925 Tennessee ilipitisha sheria iliyoletwa na mbunge mmoja mkulima, John Butler, kwamba ni marufuku mwalimu wa shule ya umma kufundisha nadharia inayokana uumbaji wa mtu kama ulivyosimuliwa katika Biblia, na kufundisha badala yake kwamba mtu ametokana na wanyama wa daraja la chini. Faini ilikuwa kati ya dola 100 na 500. Kule New York, ACLU, shirika la kutetea uhuru wa raia, likatangaza magazetini kwamba mwalimu atakayekubali kuijaribu sheria hiyo mahakamani, shirika ndilo litakalomlipia gharama za utetezi.

Tangazo hilo likasomwa Dayton, na hapo ndipo utamu ulipo. Kesi hii ilipikwa. Mji ulikuwa umedorora, na watu wakubwa wa pale walikutana kwenye duka la dawa la Bwana Robinson, wakanywa soda, wakaona kesi kama hiyo ingewaletea wageni na fedha. Mpishi mkuu alikuwa George Rappleyea, meneja wa kampuni ya makaa ya mawe na chuma. Wakamtuma kijana akamwite Scopes, ambaye alikuwa anacheza tenisi. Umri wake miaka 24, kocha wa mpira wa Kimarekani, na somo la Baiolojia alikuwa amemshikia mwenzake kwa muda tu. Wakamuuliza: unaweza kufundisha Baiolojia bila kugusa mageuko? Akasema haiwezekani, kitabu kilichoidhinishwa na serikali chenyewe kinayo. Kitabu hicho kilikuwa kinauzwa dukani mlemle. Muuzaji ni Robinson, na Robinson huyohuyo ndiye mwenyekiti wa bodi ya shule! Uko tayari kushtakiwa? Niko tayari. Akapewa hati yake, akarudi kwenye tenisi.

Mpwa wangu alicheka mpaka yule mama akageuka kututazama. "Mjomba, hii ni sinema." Nikamwambia ngoja, kuna lingine: miaka mingi baadaye Scopes alikiri kwamba hata hakuwa na hakika kama siku ile alilifundisha kweli somo hilo.

Tukapanda ngazi hadi ukumbi wa mahakama. Hapa nitatulia kidogo, kwa sababu nilikaa muda mrefu kuliko mpwa wangu alivyopenda. Ni chumba kikubwa, madirisha marefu, viti vya mbao vya zamani vilivyopangwa safu kwa safu. Nikachagua kimoja karibu na mbele, nikakaa. Mbao zimelainika kama mpini wa jembe la zamani. Julai 1925 watu walibanana humu, joto lile la kusini, kila mtu na kipepeo chake, na redio ya WGN ya Chicago ikirusha kesi moja kwa moja, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kufanyika. Mitaani waliuza vinyago vya nyani, na kuna mtu alileta sokwe aliyevishwa suti.

Kati ya yote yaliyosemwa humu, ninalolipenda ni dogo sana. Mwanafunzi wa miaka 14, Howard Morgan, aliitwa kueleza alichofundishwa. Akaeleza vizuri tu. Darrow akamuuliza kama mafundisho hayo yalimdhuru. Mtoto akajibu hapana, bwana. Nikiwa mwalimu, mimi kesi ningeifunga hapo.

Haikufungwa. Ikawa siku nane za kusikilizwa, kuanzia tarehe 10 hadi 21. Tarehe 20 Jaji Raulston aliwahamishia watu nje kwa sababu ya joto na kwa hofu kwamba sakafu ingeelemewa, na ni kule kwenye nyasi Darrow alipomweka Bryan kitini kama mtaalamu wa Biblia. Akamuuliza kuhusu Yona na samaki, Yoshua na jua, na Kaini alimpata wapi mke. Hayo ndiyo watu wanayoyasimulia mpaka leo, lakini juri, yaani wale raia walioteuliwa kuamua kama mtu ana hatia, haikuyasikia. Ilikuwa imetolewa, na kesho yake jaji akayafuta kwenye kumbukumbu. Juri ilijadiliana dakika tisa. Ana hatia. Faini dola 100. Nikatazama saa, nikakaa kimya dakika tisa palepale kitini. Si ndefu. Hazitoshi hata kuita mahudhurio katika darasa langu na kuwanyamazisha.

Bryan alifariki usingizini Jumapili iliyofuata, hapohapo Dayton. Kuna chuo juu ya kilima chenye jina lake, kilichofunguliwa 1930. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Tennessee ikaitengua hukumu ya Scopes, si kwa sababu sheria ilikuwa mbaya, la. Kwa sababu faini ya zaidi ya dola 50 ilipaswa kupangwa na juri, na Raulston aliipanga mwenyewe. Sheria ikabaki palepale mpaka 1967. Hapo nikapiga hesabu: Mama Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus kule kwetu Oldupai mwaka 1959. Kwa miaka minane, mwalimu wa shule ya umma wa Tennessee ambaye angewaambia watoto kwamba zamadamu yule ni wa ukoo wetu, angeweza kutozwa faini. Mimi wanafunzi wangu nawapeleka kwa basi, wanabeba chapati.

Marufuku za namna ile zilikuja kuvunjwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1968, kwa kesi ya mwalimu mwingine, mwanamke, Susan Epperson wa Arkansas. Waliokataa wakabadili njia: Louisiana ikataka ukifundisha mageuko ufundishe na uumbaji, ikashindwa 1987. Mwaka 2005 ikawa zamu ya Dover, Pennsylvania, ambako bodi ya shule ilitaka watoto waelekezwe kwenye "usanifu wenye akili", yaani dai kwamba viumbe vilibuniwa na mwenye akili. Wazazi 11 wakaenda mahakamani, Jaji John Jones akasema ni dini iliyobadilishwa jina. Wajumbe walioipigania hiyo sera walikuwa wameshaangushwa kwenye uchaguzi hata kabla ya hukumu. Ukiuona mfululizo huo, unaelewa kwamba ugomvi wao si nyani hasa. Ni nani mwenye darasa: serikali, mzazi, au mwalimu aliyeshika chaki.

Yule mama wa chini alituuliza, wakati tunaaga, kama kwetu inaruhusiwa kufundisha mambo haya. Nikamwambia ipo kwenye mtaala na inatoka kwenye mtihani. Nikamsimulia kuhusu mwanafunzi wangu mmoja aliyeandika ukurasa mzima kueleza nadharia ya mageuko ya Darwin, hatua kwa hatua, bila kosa, halafu chini akapiga mstari akaandika kwamba yeye binafsi haamini hata neno moja. "Ukampa ngapi?" akauliza. Zote, nikasema. Akatikisa kichwa akitabasamu, sikujua kama ananikubali au ananisikitikia.

Tulisimama kujaza mafuta kabla ya Chattanooga. Nikamtolea mpwa wangu simu, nimekipakua kile kitabu cha Scopes, *A Civic Biology* cha George Hunter, cha 1914. Nikamwonyesha ukurasa wa 194, mchoro wa viduara vya wanyama uliomuudhi Bryan mahakamani. Alilalamika kwamba mtu ametiwa kwenye kiduara kimoja na mamalia wengine 3,500. Aliwachekesha watu pia, eti wanasayansi hawakututoa hata kwa nyani wa Marekani, wametutoa kwa nyani wa Dunia ya Kale. Wa kwetu, yaani.

"Sasa sogeza mbele," nikamwambia. "Ukurasa wa 196."

Akasoma kwa sauti, polepole, mkono mmoja kwenye usukani ingawa gari limezimwa. Kwamba wanadamu ni jamii tano. Kwamba kuna ya Kihabeshi au ya Kinegro, iliyoanzia Afrika. Kwamba iliyo juu kuliko zote ni ya wazungu wastaarabu wa Ulaya na Marekani. Akarudia mstari huo wa mwisho, midomo tu.

"Na hiki ndicho walichokuwa wanakitetea?"

"Walitetea ule wa 194."

"Na huu?"

"Huu haukumkera mtu. Si Bryan, si Darrow."

Akasogeza kidole, akarudi 194, akaenda tena 196. "Kurasa mbili tu mbele," akasema, akanirudishia simu, akawasha gari.