Siku Moja Maabara, na Damu Iliyogombana na Kila Chupa

Saa 11:10 alfajiri

Kabla sijawasha taa nimeshapapasa kidonge changu mezani. Levothairoksini, ya kuziba pengo la homoni ya tezi ya shingo, maji matupu, kisha nusu saa bila kula kitu. Huu ni mwaka wa 9. Kinga yangu mwenyewe iliishambulia tezi hiyo pole pole mpaka ikashindwa kutoa homoni ya kutosha, nami kwa miezi mingi nikadhani ni uchovu wa kazi. Nalala vizuri, naamka nimechoka. Wenzangu wanatoka jasho, mimi natafuta sweta. Kituo cha kwanza nilichokwenda niliandikiwa vitamini za "kuongeza kinga". Kinga yangu ilikuwa haijapungua hata kidogo. Ilikuwa kazini usiku na mchana, ila ilikuwa imekosea mlango.

Saa 1:00 asubuhi

Makabidhiano ya zamu. Napitisha sampuli za udhibiti, ambazo majibu yake tunayajua tayari, kwenye mashine ya picha kamili ya damu, zinasoma sawasawa. Zisingesoma sawa, hakuna jibu ambalo lingetoka hapa, hata daktari apige simu mara 10.

Saa 1:40

Mtoto wa miaka 4, homa siku ya 3. Mashine imesoma seli nyeupe 24,000 kwa kila maikrolita; kwa umri wake nilitarajia zisivuke 15,000. Namba nimeiona, lakini slaidi lazima niitazame mwenyewe. Rangi ya Giemsa, tone la mafuta, lenzi ya mara 100.

Neutrofili, seli nyeupe zinazopambana na bakteria, zimejaa kila ninaposogeza. Kiini cha kila moja kimegawanyika vipande vitatu vinne vilivyoshikana kwa uzi mwembamba, na leo ndani yake kuna punje nyeusi kuliko kawaida. Kati yao zimo changa, ambazo kiini bado hakijagawanyika, kimejipinda tu kama mundu. Uboho umezitoa kabla hazijakomaa kwa sababu huko mwilini zinahitajika sasa hivi. Uboho wa mtu mzima asiyeumwa hutoa neutrofili bilioni 100 hivi kwa siku, na nyingi hazimalizi hata siku nzima kwenye damu. Usaha unaoutoa kwenye jipu, kwa sehemu kubwa ndizo hizo zikiwa zimekufa.

Kila nikiona slaidi kama hii namkumbuka Metchnikoff, mwanasayansi wa kinga. Mwaka 1882, kule Messina, Italia, alichomeka miiba ya waridi kwenye mabuu ya kiti cha pweza, mnyama wa baharini, mabuu yenyewe yakiwa angavu kama kioo. Kesho yake akakuta seli zimekwenda zenyewe kuuzunguka mwiba. Hakuna aliyezituma. Naandika jibu, napiga simu wodini: kuna dalili kubwa ya maambukizi ya bakteria. Wananiambia mtoto ameshaanzishiwa dawa.

Saa 2:30

Sampuli kutoka wodi ya wanawake. Miaka 27, amezaa mara moja, hemoglobini 4.6, yaani damu imepungua mno. Wanaomba chupa 2 za damu haraka.

Baada ya kuizungusha mashineni, plazma, majimaji ya damu yaliyobaki juu, ni ya manjano iliyokolea. Kundi la damu linanipa taabu kulisoma, vitu vinashikamana pasipostahili. Nachukua chupa 4 zilizo karibu na kundi lake, nafanya krosimachi, kipimo cha kuona kama damu ya mtoaji na ya mgonjwa zinapatana. Zote zimegombana naye. Naongeza 2. Nazo vile vile.

Hapo nikafanya kipimo cha Coombs, kile ambacho Robin Coombs na wenzake walikitangaza Cambridge mwaka 1945. Unaziosha chembe nyekundu za mgonjwa mara kadhaa, kisha unazitilia kingamwili, yaani protini za kinga, zinazokamata kingamwili za binadamu. Kama chembe zilikuja zimeshabebeshwa kitu, zitashikamana mbele ya macho yako. Zake zilishikamana papo hapo, mafungu mafungu, nikaweka neli mezani nikavuta pumzi.

Maana yake ni kwamba mwili wake unatengeneza kingamwili dhidi ya damu yake wenyewe. Chembe zikipita kwenye wengu zikiwa na mzigo huo, makrofaji, seli za kinga zinazomeza, zinazing'ata kipande cha utando wa nje. Kinachobaki kinajikunja kuwa tufe dogo. Kwenye slaidi nikayaona: matufe madogo mekundu tupu, hayana ule weupe wa katikati. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Zake zinavunjwa zingali changa, na zikivunjwa ndipo macho yanapogeuka manjano.

Saa 3:50

Simu. "Dada, damu yangu iko wapi?"

Nikamweleza daktari: chupa zote zinagombana, na zitaendelea kugombana, kwa sababu kingamwili zake zinashika alama ambayo chembe nyekundu za karibu watu wote wanayo. Hilo peke yake halinitishi sana. Damu tutakayompa itavunjwa kwa kasi ile ile inayovunjwa yake. Ninachokihofia kimejificha chini. Amewahi kubeba mimba, na mwanamke aliyezaa anaweza kuwa na kingamwili nyingine, ya kweli, aliyoitengeneza dhidi ya damu ya mtoto. Ikiwepo, nikampa chupa isiyofaa, tunaweza kumpoteza leo leo. Nikaomba nipewe muda wa saa 3.

"Anaongea, presha imesimama," daktari akasema. "Nimemwanzishia prednisoloni ipoze kinga. Lakini akibadilika nakuja kuichukua kama ilivyo."

"Akibadilika usingoje. Nitakupa inayogombana kidogo kuliko zote, uipitishe taratibu."

Hilo nalo niliseme wazi: mgonjwa wa namna hii hafi kwa sababu krosimachi imekataa. Anakufa watu wakiogopa kumpa damu.

Saa 4:15

Mama wa mgonjwa yuko dirishani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Wanasema damu ya mwanangu imekataa damu za watu. Nimpe nini kinga ipande?"

Swali hili naulizwa karibu kila siku, na leo lilinichoma. Kinga si maji ya tanki, useme yamepungua tujaze. Nikamwambia kinga ya binti yake ina nguvu, shida ni kwamba imeacha kumtambua mwenyewe, na dawa aliyopewa ni ya kuipoza. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo inamuona ni mgeni?" Sijawahi kupata maneno mazuri kuliko hayo.

Kumtambua mwenyewe ni kazi kubwa. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi, ambako seli T, askari wa kinga, hupimwa kabla ya kuachiwa. Zinazoshindwa kusoma alama za mwili hufa, zinazoushika mwili kwa nguvu kupita kiasi nazo huuawa nyingi, na katika kila 10 zinazoingia haipiti hata 1. Hata hivyo wachache wakorofi huponyoka. Shimon Sakaguchi, mwanasayansi wa Japani, alionyesha mwaka 1995 kwamba kuna seli T za kazi nyingine kabisa: kuwazuia hao. Mwaka 2025 alipewa Nobel pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell, waliogundua jeni inayohusika, FOXP3. Niliisoma habari hiyo usiku, mkono mmoja uko shingoni.

Saa 4:30 hadi 7:20

Kazi ni moja: kufyonza. Nachukua chembe zake mwenyewe, nazisafisha kingamwili zilizobeba, nazichanganya na plazma yake, naweka kwenye joto la mwili. Zinafyonza kingamwili zilizokosea. Naondoa, narudia. Njia hii inawezekana kwa kuwa hajaongezewa damu miezi ya karibuni. Angekuwa ameongezewa, chembe za mtoaji zilizochanganyika humo zingefyonza na ile ninayoitafuta. Baada ya mzunguko wa pili plazma imebaki safi. Naijaribu kwenye chembe za vipimo. Hakuna kilichoshikamana. Najaribu tena kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka kidogo. Hakuna.

Hana kingamwili iliyojificha. Chupa ya kwanza imetoka saa 7:20.

Saa 8:00 mchana

CD4 za kliniki, hesabu ya seli za kinga ambazo VVU huziua. Mmoja alianza dawa za VVU akiwa na 140, leo ana 510. Yeye kinga yake ilipungua kweli, na kilichoirudisha ni vidonge vyake vya kila siku.

Saa 9:20 alasiri

Kelele nje. Mlinzi amedungwa na nyuki, mmoja tu. Dakika chache baadaye mwili mzima una vipele, sauti imekauka, akasema, "Dada, koo linafunga," akakaa chini. Muuguzi hakusubiri mtu: adrenalini miligramu 0.5, msuli wa paja, alale chali miguu juu. Dakika 5 hivi, sauti ikaanza kurudi.

Mwaka jana alidungwa akavimba mkono tu. Ndipo mwili wake ulipotengeneza IgE, kingamwili ya mzio, dhidi ya sumu ya nyuki, ikakaa juu ya seli zilizojaa histamini, kemikali inayoleta uvimbe na vipele, ikingoja. Wanasayansi Wafaransa Richet na Portier walishangazwa na jambo hilo mwaka 1902: mbwa waliostahimili sumu ya mnyama wa baharini mara ya kwanza, wiki kadhaa baadaye waliuawa na dozi ndogo kuliko ile. Mlinzi alitaka kurudi getini. Tumemkatalia, mshtuko unaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Nakuomba wewe unayesoma: dawa ya mzio ya kumeza haichukui nafasi ya sindano hii.

Saa 12:05 jioni

Chupa ya binti wa hemoglobini 4.6 imekwisha bila homa wala kutetemeka. Sampuli mpya: hemoglobini 5.5. Prednisoloni itachukua siku kadhaa, pengine wiki, kabla hatujajua kama kinga yake imetulia. Mama yake bado yuko kwenye benchi, nimempelekea namba hiyo mwenyewe kwa miguu baada ya daktari kuniruhusu.

Kwenye daftari nimemwandikia wa usiku: "Kitanda 11, sampuli nyingine saa 6 usiku. Plazma iliyofyonzwa ipo friji ya 2, rafu ya juu. Usiitupe."