Injini ya Beetle haipozwi na upepo wa barabarani

Watu wengi wakisikia injini ya Volkswagen Beetle ya zamani inapozwa na hewa wanadhani ni ule upepo gari likiwa kwenye mwendo, kama pikipiki vile. Sio kweli. Injini iko nyuma kule, imefungiwa, upepo wa mbele haiupati. Kinachopoza ni feni, imefungwa kwenye shafti ya dainamo inayochaji betri (za baadaye alteneta), inazungushwa na mkanda mmoja tu, tena inazunguka karibu mara mbili ya kasi ya krenki (shafti kuu ya injini), inavuta hewa kupitia yale matundu ya chini ya kioo cha nyuma inaisukuma ipite kwenye mapezi (vile vibamba vya kutolea joto) ya silinda na hedi, yaani kifuniko cha silinda chenye valvu.

Ndo maana taa nyekundu ya chaji ikiwaka kwenye Beetle sio suala la betri tu. Mkanda ukikatika dainamo imesimama na feni imesimama, zima gari hapohapo, usiseme ngoja nifike sheli pale mbele.

Sasa yale mabati meusi yanayoizunguka injini. Hili linaniuma kabisa, maana kila siku naona gari imeshushwa injini, ikarudishwa, mabati mawili matatu yamebaki chini ya benchi na fundi anasema hayo hayana kazi bosi. Yana kazi! Mabati pamoja na ile raba inayozunguka injini vinatenga juu na chini: juu hewa ya baridi, chini hewa ambayo imeshapita kwenye silinda na joto la ekzosi. Ukiacha uwazi feni inaanza kuvuta ileile hewa ya moto na kuirudisha tena kwenye silinda, hapo hata uwe na feni nzuri vipi gari itachemka tu. Kuna na vibati vidogo chini katikati ya silinda, vinaibana hewa ipite ndani ya mapezi badala ya kukimbilia pembeni. Vile ndo vinapotea sana kwa sababu havionekani.

Halafu kuna silinda namba 3, ya kushoto upande wa mbele ya gari. Kwenye injini za zamani kipozea oili kimesimamishwa ndani ya kasha la feni, juu ya silinda hiyo kabisa, kwa hiyo hewa inayoifikia silinda ni pungufu na imeshapata joto la oili. Volkswagen wenyewe walilijua hilo, kuna distributa (kile kinachogawa moto kwenye plagi) walizichonga ili namba 3 ichelewe kuchoma kwa digrii chache, na injini za kuanzia 1971 wakakitoa kipozea oili nje ya njia, kikapewa hewa yake. Ukipata kasha la feni la aina hiyo nunua, usibishane sana bei.

Oili yenyewe ni kama lita 2.5 tu na filta hakuna, kuna chujio la waya, na sehemu kubwa ya joto inabebwa na hiyohiyo oili. Kwa hiyo kubadilisha kila kilomita 5,000 sio anasa. Wakati huohuo pima tapeti (ule uwazi mdogo wa valvu), injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.15 kwa injini nyingi.

Hii teknolojia haikuwa ya kubahatisha jamani, Beetle ilishinda Safari Rally yetu 1954, 1957 na 1962, vumbi, matope na milima, na hakuna rejeta ya kutoboka. Kilichokuja kuiondoa hii ya kupoza kwa hewa ni sheria za moshi na kelele, pia hedi yenye valvu nne kwa silinda ni ngumu sana kuipoza kwa hewa, hata Porsche 911 ikahamia kwenye maji miaka ya mwisho ya 90. Beetle ya zamani iliendelea kutengenezwa Mexico mpaka 2003.

Narudi kwenye tapeti kidogo maana nimeipita haraka. Valvu ya ekzosi inapoa pale inapokalia siti yake. Ikibana, yaani ule uwazi umeisha, haikai vizuri, joto halitoki, shina linavutika linakuwa refu, inazidi kubana, mwisho kichwa cha valvu kinakatika kinadondokea kwenye pistoni na injini imekufa. Kwa hiyo ukikuta valvu ya ekzosi ya namba 3 imebana kila unapopima wakati zingine ziko sawa, usilegeze tu ukaendelea na safari, shusha injini ufungue hiyo hedi.