Barabara ya Kwenda Sidi Bouzid

Magari ya abiria yaendayo kusini mwa Tunisia huondokea kituo cha Moncef Bey, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni kuu ya reli ya Tunis. Wenyeji huyaita louage: ni magari madogo meupe yenye mstari mwekundu ubavuni, hubeba abiria wanane, hayana ratiba, na huondoka pindi kiti cha mwisho kinapopata mtu. Asubuhi ile ya Desemba 2024 wapiga debe walikuwa wakiita Kairouan, Gafsa na Kasserine, na nilipouliza la Sidi Bouzid nikaelekezwa gari lililobakiza abiria wawili tu. Redio ya dereva ilikuwa ikizungumzia Syria. Bashar al-Assad alikuwa amekimbilia Moscow tarehe 8 ya mwezi huo, na wimbi la maandamano dhidi ya watawala wa nchi za Kiarabu, lililoanzia katika mji niliokuwa nikiuendea, lilikuwa limemwangusha mtawala mwingine, karibu miaka 14 tangu lianze, na baada ya vita vilivyoua mamia ya maelfu ya watu. Ndani ya gari hakuna aliyeshangilia. Mzee aliyeketi nyuma yangu alisema kwamba vijana wengi wa Tunisia walikwenda kupigana Syria na hawakurudi, kisha akanyamaza.

Jioni ya kuamkia safari nilikuwa nimetembea barabara ya Habib Bourguiba, ambayo walimwengu waliiona kwenye televisheni Januari 2011. Mistari ya miti ya fikasi bado ipo katikati ya barabara, ndege wakipiga kelele humo magharibi inapoingia, na jengo la kijivu la Wizara ya Mambo ya Ndani bado limezungushiwa seng'enge. Mbele ya jengo hilo, tarehe 14 Januari 2011, maelfu ya watu walimpigia kelele Zine El Abidine Ben Ali aondoke, na kabla ya usiku alikuwa amekwisha panda ndege kuelekea Saudi Arabia, baada ya kutawala tangu tarehe 7 Novemba 1987. Uwanja wenye mnara wa saa, ambao zamani uliitwa kwa tarehe yake ya kutwaa madaraka, leo unaitwa kwa tarehe ya kukimbia kwake. Mwaka 2021 Rais Kais Saied aliihamisha sikukuu ya mapinduzi kutoka tarehe 14 Januari hadi tarehe 17 Desemba, siku moto ulipowaka Sidi Bouzid mwaka 2010. Nina mengi ya kumlaumu kiongozi huyo, na nitayasema, lakini kuhusu tarehe nakubaliana naye: mapinduzi haya hayakuanzia mji mkuu, na anayeishia barabara ya Bourguiba ameona mwisho wa jambo bila kuona chanzo chake.

Chanzo chenyewe kinaanza kuonekana dirishani. Kutoka Tunis hadi Enfidha barabara ni pana, viwanda vimejipanga, na vibao vinaelekeza watalii kwenye mahoteli ya Hammamet na Sousse. Huu ndio ukanda wa watawala: Bourguiba alizaliwa Monastir, Ben Ali alizaliwa Hammam Sousse, na kwa zaidi ya nusu karne fedha za serikali na za wawekezaji zilielekea huko huko pwani. Ukishakata kuelekea Kairouan viwanda vinatoweka, mizeituni inachukua nafasi, kisha mashamba ya mboga yanayonyweshwa kwa maji ya visima, na kando yake nyua za mipungate na nyumba za matofali ambazo ghorofa ya pili haijamalizwa. Mboga zinazoliwa Tunis na Sousse hulimwa huku, lakini hupakiwa kwenye malori na kwenda kusindikwa kwingine. Mtu yeyote aliyetoka bara ya nchi yetu, Kenya, akaona zao lake linavyomtajirisha mwenye ghala la mjini, hana haja ya kuelezwa zaidi.

Baada ya Kairouan tulisimamishwa kwenye kizuizi. Askari alipitisha macho kwenye nyuso za abiria, akaacha wote, akaniambia mimi peke yangu nishuke na pasipoti. Alizipekua kurasa moja moja, akauliza mara tatu nakwenda wapi na nakwenda kufanya nini. Nilimjibu kwa Kiarabu cha madrasa nilichojifunza Mombasa, naye alionekana kusitasita, kana kwamba lugha hiyo haikustahili kutoka kinywani mwangu. Gari zima lilisubiri. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa na kikapu cha mikate mapajani, alimwambia kwa sauti kubwa kutoka dirishani: "Huyu ni mgeni wetu, mwanangu. Mrudishie karatasi zake tuondoke." Nilirudishiwa. Safari iliyobaki mama huyo alinimegea mkate na kuniuliza habari za mama yangu, na hatukulizungumzia tena jambo la kizuizini, ingawa sikuacha kulifikiria.

Sidi Bouzid ni mji wa kawaida kabisa: barabara kuu moja ndefu, maduka ya simu, mikahawa iliyojaa wanaume wa umri wa kufanya kazi saa nne ya asubuhi. Barabara kuu imepewa jina la Mohamed Bouazizi, mchuuzi aliyejichoma moto siku ile ya Desemba 2010, na kando yake kuna sanamu ya mkokoteni iliyochongwa kwa jiwe. Picha yake kubwa hutazama barabara kutoka ukutani. Hadithi yake imesimuliwa mara nyingi hata ikaongezewa chumvi. Magazeti ya ng'ambo yalimwita mhitimu wa chuo kikuu. Hakuwa hivyo, hakumaliza hata sekondari. Alifiwa na baba akiwa mdogo, akaanza kuchuuza matunda na mboga tangu utotoni ili kuilisha familia, na alikuwa na umri wa miaka 26. Kama alipigwa kofi na askari wa manispaa au hakupigwa, watu wanabishana hadi leo, na kesi iliyofunguliwa dhidi ya askari huyo ilifutwa Aprili 2011. Lisilobishaniwa ni kwamba alinyang'anywa mizani na bidhaa, akaenda ofisi ya gavana kulalamika, na hakuna aliyekubali kumsikiliza. Alijichoma moto mbele ya lango la ofisi hiyo, akafariki hospitalini tarehe 4 Januari 2011, siku kumi kabla ya Ben Ali kukimbia.

Nilisimama muda mrefu kwa mchuuzi mmoja wa machungwa na tende, si mbali na lango lile. Mizani yake ilikuwa ya sahani mbili, ya kizamani, na mawe ya chuma yaliyolika kingo. Aliniambia anaipenda hiyo kwa sababu ikichukuliwa hasara yake ni ndogo. Ya umeme huitumia ndani ya soko tu. Kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa hadi ikaanza kupasuka kwenye mikunjo: hati ya faini ya kuziba njia. Sikuwa nimemuuliza kuhusu Bouazizi, wala yeye hakumtaja. Nilipouliza kilichobadilika, alijibu kwamba kwa miaka kumi aliweza kumsema waziri yeyote kwa sauti mbele ya wateja, na kwamba siku hizi huangalia kwanza nani amesimama karibu. Hofu hiyo ina msingi. Amri namba 54 ya Septemba 2022, iliyotungwa kwa jina la kupambana na habari za uongo, inaruhusu kifungo cha hadi miaka mitano, na miaka kumi kama aliyesemwa ni mtumishi wa umma, na waandishi na mawakili wamekwisha fungwa kwa amri hiyo.

Mwalimu mstaafu niliyekunywa naye kahawa, mwanachama wa siku nyingi wa shirikisho la wafanyakazi la UGTT, hakupenda simulizi ya mtu mmoja na mkokoteni mmoja. Alinikumbusha mwaka 2008, wakati miji ya machimbo ya fosfeti katika mkoa wa Gafsa, hasa Redeyef, ilipoasi kwa miezi kadhaa baada ya kampuni ya serikali kutangaza orodha ya ajira iliyojaa upendeleo. Serikali iliizingira miji ile, ikawafunga viongozi, na nchi nzima haikusikia mengi. Mwaka 2010 mambo yalikwenda vingine kwa sababu, kwa maelezo yake, walimu na mawakili wa mikoa ya bara walikuwa wamejifunza: jioni ile ile ya tarehe 17 Desemba picha zilizopigwa kwa simu zilikuwa zimefika mikono ya watu, matawi ya shirikisho yakafungua milango, na kabla ya wiki tatu kupita Kasserine na Thala zilikuwa zimewaka. Huko ndiko polisi walikoua wengi, kati ya tarehe 8 na 10 Januari. Tume ya uchunguzi iliyoundwa baadaye ilihesabu watu 338 waliouawa katika siku zote za mapinduzi. Mwalimu alitaja vijana wawili aliowafundisha.

Kilichopatikana kilikuwa kikubwa, na inaniudhi ninaposikia watu wakisema hakikuwa kitu. Watunisia walipiga kura huru Oktoba 2011, wakaandika katiba iliyopitishwa Januari 2014, na mwaka 2013, wanasiasa wawili wa upinzani, Chokri Belaid na Mohamed Brahmi, walipouawa kwa risasi na nchi ikawa ukingoni mwa vita, UGTT na mashirika mengine matatu yaliwakalisha wapinzani meza moja hadi wakaelewana, wakatunukiwa Nobeli ya Amani ya 2015. Brahmi alikuwa mtu wa mkoa huu wa Sidi Bouzid. Lakini serikali zilibadilishana Tunis, kila moja ikiahidi viwanda vya bara, na viwanda havikuja. Ndiyo maana Julai 2021, Saied alipolisimamisha bunge na kumfukuza waziri mkuu, watu walijitokeza barabarani kushangilia, hata katika miji iliyolianzisha jambo hili. Mwaka 2022 alipitisha katiba yake mwenyewe, na Oktoba 2024 alichaguliwa tena kwa zaidi ya asilimia 90 ya kura, huku chini ya theluthi moja ya wapiga kura wakijitokeza na wapinzani kadhaa wakiwa gerezani. Mwalimu aliniambia hakupiga kura. Mwanawe, anayetafuta kazi, aliniuliza zaidi kuhusu Nairobi: alikuwa ameona kwenye simu yake vijana wakiingia bungeni Juni 2024, na alitaka kujua kama kweli ule Mswada wa Fedha uliondolewa. Nikamwambia ndiyo, rais alikataa kuutia saini siku iliyofuata. Akauliza ni wangapi waliouawa.

Kutoka Sidi Bouzid nilishuka hadi Sfax, mashariki, katika nchi ya mizeituni isiyo na mwisho. Ulikuwa msimu wa kuvuna. Wanawake walikuwa juu ya ngazi, nyavu zimetandazwa chini. Katika mashamba kama haya, kaskazini mwa Sfax karibu na El Amra na Jebeniana, maelfu ya Waafrika kutoka kusini mwa Sahara walikuwa wakiishi chini ya mahema ya plastiki. Walifukuzwa mijini baada ya hotuba ya rais ya Februari 2023, iliyodai kwamba makundi ya wahamiaji Waafrika ni sehemu ya njama ya kuibadilisha Tunisia isiwe nchi ya Kiarabu na Kiislamu. Wenye nyumba waliwatoa wapangaji usiku, na Ivory Coast, Guinea na Mali zililazimika kutuma ndege kuwachukua raia wake. Nchi hiyo hiyo, mwaka 2018, ilikuwa imepitisha sheria dhidi ya ubaguzi wa rangi, iliyopiganiwa na wanaharakati walioibuka na mapinduzi. Mmoja wao, Saadia Mosbah, mwenyewe Mtunisia mweusi, alikamatwa Mei 2024. Na Julai 2023 Umoja wa Ulaya ulitia saini mkataba na Tunisia uliotenga euro milioni 105 kwa ajili ya kuwazuia wahamiaji. Hoteli ya kwanza niliyoiendea Sfax iliniambia imejaa, na nyuma yangu familia moja ikapewa chumba.

Katika msikiti mmoja wa mjini, baada ya sala ya alasiri, nilisalimiana na kijana wa Kisudani aliyekuwa amekaa pembeni kabisa. Kwa kuwa tulielewana kwa Kiarabu, tuliketi kwenye ngazi za nje tukazungumza hadi magharibi. Alitoka Omdurman, alikuwa mwanafunzi wa uhandisi, na mwaka 2019 alilala wiki nzima mbele ya makao makuu ya jeshi mjini Khartoum pamoja na umati uliomwangusha Omar al-Bashir tarehe 11 Aprili. Nyimbo walizoimba, alisema, zilikuwa na maneno yaliyotoka Tunis na Cairo: wananchi wanataka utawala uanguke. Tarehe 3 Juni wanajeshi waliwavamia wakaua zaidi ya watu mia moja. Majenerali waliokuja kulipindua kabisa jaribio la utawala wa raia Oktoba 2021 ndio hao hao walioanza kupigana wenyewe kwa wenyewe tarehe 15 Aprili 2023. Yeye alipitia jangwani hadi Kufra, akafanya kazi ya ujenzi Libya, nchi ambayo tangu kuuawa kwa Gaddafi Oktoba 2011 haijapata serikali moja ya kudumu, na ambayo silaha zake zilisafiri hadi Mali. Huko alikamatwa na wanamgambo, akakombolewa na jamaa zake kwa fedha, akavuka kuingia Tunisia kwa miguu.

Hakuizungumzia bahari wala Italia. Alipojua natoka Kenya maswali yake yote yalikuwa juu ya Uganda, kwa sababu dada yake na watoto wake walikuwa wamefika makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo. Alitaka kujua kama maji yanapatikana, kama shule zinafundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kama mtu mwenye miaka mitatu ya uhandisi anaweza kumalizia masomo Kampala, na nauli ya basi kutoka Kampala hadi Kiryandongo. Nilimweleza niliyoyajua, nikampa namba ya rafiki yangu anayefundisha chuo kikuu Kampala, naye akaiandika kwenye kiganja cha mkono, kwa kuwa simu yake alikuwa ameiuza.