Risha

Nimetoka kanisani sasa hivi, hapa Leipzig, Ujerumani. Si ibada, tamasha. Vidole bado vimekufa ganzi.

Wapigaji watano tu: fidla mbili, selo (kama fidla kubwa), harpsikodi (kinanda cha nyuzi cha zamani), na theobo, ala ya nyuzi yenye shingo kama mlingoti wa ngalawa. Selo haina mguu wa chuma, dada wa watu anaibana kwa miguu.

Walipiga nyimbo za Bach, mtunzi wa muziki aliyefanya kazi mji huu tangu 1723 hadi kufa kwake 1750.

Katikati, uzi wa fidla ukalegea. Nyuzi zao ni za utumbo wa kondoo, joto la watu tu linazivuruga.
Wote wakaacha kupiga, wakazilinganisha upya. Dakika nzima!
Hakuna aliyenuna.

Mimi kimawazo nilishafika Unguja. Babu na udi wake, ile ala ya nyuzi ya taarab, anakaza, anasikiliza, anakaza tena. Sisi tunasinzia mkekani.

Baadaye nikamwuliza mpiga harpsikodi sauti inatoka vipi. Akanionyesha kidude kinachodonoa uzi. Zamani, akasema, kilikuwa unyoya wa ndege.

Risha! Ndivyo babu alivyokiita kidude cha kupigia udi, na kwa Kiarabu maana yake ni unyoya. Nusura nipige kelele kanisani.

Nani bado ana udi wa babu yake ndani? Tupia picha hapa.