Kodi ya miezi sita imeingia

Asubuhi ya leo, Jumamosi ya mwisho ya Februari, simu imeita meseji nikiwa napanga magunia ya vitunguu pale soko la Kilombero, Arusha. Muamala: shilingi 2,100,000. Kodi ya nyumba ya Moshono, 350,000 kwa mwezi, miezi sita. Nimeisoma mara mbili, nikairudisha simu kwenye mfuko wa aproni, nikaendelea kupima. Mteja akaniuliza, "Dada, mbona unacheka peke yako?" Nikamwambia nimekumbuka kitu. Hela ikiingia, soko zima halina haja ya kujua.

Zamani hela kama hii isingeona jua la saa sita. Mwaka 2016, wakati nina vyumba vinne tu Muriet, wapangaji wote walilipa ndani ya wiki moja, na mimi nikaenda kununua makochi. Mazuri tu, bado ninayo. Miezi mitatu haijaisha, bomba la ndani ya ukuta likapasuka, fundi anataka 85,000, mimi sina. Nikakopa kikoba, tena kwa riba, ilhali nina wapangaji wanne waliolipa mpaka senti ya mwisho. Nakumbuka nilikaa sebuleni najiuliza hela imekwenda wapi, kumbe nimeikalia.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba siku kodi inapoingia bado si yangu. Mpangaji amenikopesha. Kila mwezi anaolala pale, bati halivuji, choo kinapitisha, namlipa kipande cha deni lake, na hapo ndipo 350,000 moja inakuwa halali yangu. Akiondoka mwezi wa tatu kwa sababu nyumba haikaliki, atanidai iliyobaki, na hata mwenyekiti wa mtaa atampa haki. Kwa hiyo nina kaunta buku. Kodi ikiingia naiandika yote upande wa kushoto, upande wa madeni, halafu kila tarehe 1 naihamishia kulia mwezi mmoja mmoja. Mwanangu anayesoma uhasibu pale chuoni Njiro alilifungua siku moja akacheka, akasema darasani hicho kitu kina jina lake na sura nzima ya kitabu. Sawa baba. Mimi nimekisomea kwenye makochi.

Niseme kabisa nilichonacho, maana wenzangu wa kikoba wanadhani nina mtaa mzima. Vyumba sita Muriet vya 70,000. Fremu mbili za maduka Kwa Mrombo, za 100,000. Na hiyo nyumba ya Moshono. Vikijaa vyote ni 970,000 kwa mwezi. Hilo "vikijaa" ndilo linaloninyima usingizi kuliko hizo namba.

Mwaka 2022 vyumba vya Muriet vilikuwa 60,000. Jirani yangu akapandisha, nami nikapandisha 10,000, tena kwa meseji, kama kampuni ya simu. Namba tatu akahama. Namba tatu alikuwa mama mmoja muuza chapati, amekaa kwangu miaka minne. Ndiye aliyekuwa akifagia uwanja bila kuambiwa, ndiye aliyekuwa akinipigia usiku, "Mama mwenye nyumba, geti limeachwa wazi tena." Chumba kikakaa kitupu miezi miwili, hiyo ni 120,000. Rangi na kitasa 45,000. Jumla 165,000. Ukigawanya kwa ile nyongeza ya 10,000, chumba kile kilihitaji miezi 16 na nusu kurudi tu pale kilipokuwa. Wengine watano walibaki, sikatai, na nyongeza yao nimeila. Ila uwanja sasa namlipa kijana afagie, na geti likiachwa wazi hakuna anayenipigia. Siku hizi nikitaka kupandisha naenda mwenyewe, nakaa kwenye ndoo ya mtu barazani, tunaongea.

Huyu wa Moshono ndiye aliyenifundisha upande wa pili. Ni dereva wa watalii, alihamia 2018 na mke na mtoto mmoja, sasa wana watatu. Machi 2020 corona ikaingia, wageni wakakatika kama maji ya bomba. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na usiku mmoja akanipigia. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba huku najua kinachokuja, sauti ya mtu aliyejiandaa haifichiki. Akasema atarudisha funguo mwisho wa mwezi, aende nyumbani kwao akalime. Nikamwambia asihame, alipe nusu, nusu nyingine tutaiandika.

Mke wake bado ananisifia kwa roho nzuri. Roho nzuri ilikuwepo, lakini hesabu ilitangulia. Mji huu unakula kwa watalii. Wakati ule kila dereva, kila mpishi wa kambi, kila mbeba mizigo alikuwa nyumbani. Nyumba ya 350,000 ningempangisha nani? Ingekaa na panya. Nusu ya mtu aliyemo ni kubwa kuliko nzima ya asiyekuwepo. Deni lile alilimaliza kwa awamu, na tulipokuwa tunaandika mkataba mpya nikamuuliza swali ambalo ningemuuliza tangu 2018: mwaka wako hela huwa unaipata lini? Akacheka. Akaniambia Agosti anakuwa nayo, na Februari anakuwa nayo, wageni wa nyumbu wanaozaa kule Ndutu wakiwa wamejaa. Aprili na Mei usimguse. Tukahamisha tarehe za kulipa. Tangu hapo sijawahi kumkumbusha, na ndiyo maana simu imeita leo na si mwezi wa nne.

Kiswahili nacho kimetuchanganya: ninachopokea kinaitwa kodi na ninachotoa kinaitwa kodi. Mpangaji wangu wa fremu ya kwanza anauza vifaa vya shule, mtu wa risiti. Mara ya kwanza kulipa miezi sita aliniletea 540,000 badala ya 600,000. Nikamuuliza nyingine iko wapi. "Hiyo 60,000 ni ya TRA, mama. Kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango. Anayetozwa ni wewe, mimi nakata tu na kuipeleka." Nilimtazama kama kibaka. Nikaenda mwenyewe TRA kuuliza, nikarudi mdogo. Sasa nazihifadhi karatasi zake zote kwenye faili, na nikipanga bei ya fremu naanza na tisini, siyo mia.

Na ya luku, umeme wa kulipia kabla, hiyo iliniletea ugomvi hasa. Kodi ya jengo ilipoanza kukatwa kwenye umeme mwaka 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi, mimi nilifurahi, nimepunguziwa foleni. Sikujiuliza anayenunua luku pale Muriet ni nani. Kijana wa bodaboda wa namba nne akanunua ya 2,000 usiku wa tarehe 1, ikaingia nusu tu. Taa ikazimika mkewe akiwa na mtoto mchanga. Asubuhi alikuja mpaka sokoni, amevaa helmeti hivyo hivyo, akanionyesha meseji. "Mama, hii nyumba ni yangu?" Sikuwa na jibu. Tangu mwezi ule luku ya kwanza ya mwezi nainunua mimi, makato yanaishia kwangu, na uniti zinazopatikana ni zawadi yao. Hela yenyewe ni ndogo. Nadhani hakuna kitu nilichowahi kukifanya pale kilichoninunulia amani kwa bei rahisi kama hiyo.

Sasa dalali. Tangu ujenzi wa uwanja wa mpira wa AFCON 2027 uanze kule Olmoti, madalali wa Arusha wamekuwa manabii. Huyu wangu alinijia Jumatano na kiwanja cha ishirini kwa ishirini, milioni 18, "wiki ijayo ni 25, mama, nakuhurumia tu wewe." Eti nijenge vyumba vya wageni, nikope saccos, niweke nyumba ya Moshono dhamana. Nilienda kukiona, sijifanyi mtakatifu. Nikasimama pale, vumbi hadi magotini, malori yanapita, nikaona kabisa ghorofa langu na bango lake. Nilivyofika nyumbani nikafungua kaunta buku. Mashindano ni ya mwezi mmoja, mkopo ni wa miaka mitatu. Halafu nikaomba kuona karatasi. Wauzaji ni ndugu watatu, sahihi ziko mbili. Wa tatu, wanasema, yuko Simanjiro na ng'ombe, "hana neno." Mtu aliyeko na ng'ombe Simanjiro ndiye mwenye maneno yote, siku utakapomwaga msingi. Nikamwambia dalali arudi na sahihi tatu na za wake zao pia. Hajarudi.

Ninachokitaka kiko Muriet. Pale kona ya nyuma panaenea vyumba viwili zaidi, matofali nimeshayafyatua nusu. Nilidhani mwezi huu naanza msingi. Jana nikamwita fundi, yeye hakuangalia kona wala matofali, akaenda moja kwa moja kwenye shimo la choo. Akainua mfuniko, akashusha fito ya mlonge aliyoiokota uani, akaitoa taratibu na kuiweka ukutani tuione wote. Imelowa mpaka kiganja kimoja kutoka juu. Watu kumi na wanne wanatumia shimo lile, na masika bado hayajaanza. "Mama, wewe unataka kuongeza watu wanne wapi? Humu?"

Kwa hiyo ya leo nimeiandika hivi: 2,100,000 kushoto, yote. Machi ikianza, 350,000 inavuka kwenda kulia, na humo itatoka 90,000 ya kunyonya shimo. Kinachobaki kinanunua mifuko ya saruji ya shimo la pili. Vyumba vya kona vinasubiri Agosti, na huenda Februari ijayo. Nilivyofunga kaunta buku nimesikia kinyongo kidogo, siwezi kuficha. Dada yangu wa kikoba ameanza ghorofa.

Gari la majitaka linafika kesho kutwa saa moja asubuhi. Nimempigia namba nne ahamishe pikipiki yake pale getini, akaniuliza kama na luku nimeshaiweka.