Maigret na mabeleshi matatu ya makala

Mimi Maigret, ule komiseri wa polisi wa Paris wa mu hadisi, nilimujulia ku televizyo. Kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, kama papa ametoka ku kazi na umeme uko, tulikuwa tunaangaliaka aktere Bruno Cremer, ule mwanaume munene wa kofia na kiko mu kinywa, na papa hakupenda mutu aseme juu Maigret mwenyewe hasemaka mingi, anakaa tu, anaangalia, mpaka mwenye kosa anachoka kujificha. Cremer aliicheza tangu 1991 mpaka 2005, ba episodi 54, na nafikiri tuliona zaidi ya nusu, zingine mara mbili mbili.

Ata siku moja sikujiuliza nani aliandika.

Njo mwaka huu mu mwezi wa sita napita kwa papa mumoja anauzisha vitabu vya zamani, ameviweka chini ku plastiki, naona jina: Simenon, Pietr-le-Letton. Nikauliza bei, akaniambia "mama, ya mwisho ni elfu tano, ile ni Maigret wa kwanza kabisa," na ni kweli, ilitoka mu 1931. Nilianza kuisoma mu taxi na nikapita fasi ya kushukia.

Sasa nimeshasoma nne (Maigret ziko romani 75, kwa hiyo bado niko mbali!) na kitu inanishika ni hii: filme inakupa uso ya Maigret lakini kitabu inakupa mwili yake, baridi, njaa, koti inalowana na mvua. Ba filme za Cremer zinatembea mu miaka ya 1950, vitabu vya kwanza viko nyuma sana, na hiyo umaskini ya wakati ule unaisikia vizuri mu kitabu. Mu L'Affaire Saint-Fiacre anapata karatasi inasema kutakuwa kosa mu kanisa ku misa ya kwanza ya siku ya wafu, anaenda, anakaa pale anatetemeka na baridi, na ni mu kijiji alizaliwa, papa yake alikuwa anasimamia mali ya chateau, nyumba kubwa ya watajiri wa pale. Misa inaisha, comtesse, mama mwenye ile chateau, amekufa, na hakuna mutu alimugusa. Nilifunga kitabu kidogo nipumue.

Tena Simenon, Mubeleji wa Liège, alifika huku Kongo mu 1932, mudogo wake Christian alikuwa anatumika Matadi! Alirudi akaandika mu magazeti mambo makali juu ya wakoloni, ila kichwa ya zile habari, L'heure du nègre (nègre ni neno ya kutukana watu weusi), inaniuma kila nikiiona, na sitaki kuificha juu napenda Maigret.

Mwezi wa saba, na ile baridi ya Lubumbashi, tulikaa na papa karibu na mbabula nikamusomea mwanzo ya Pietr-le-Letton. Maigret anasoma telegramu, halafu anainua kichwa, anasikia muungurumo ya stovu inapunguka, anaacha karatasi, anasimama na uzito yake yote, anatupa mabeleshi matatu ya makala. Papa alitumika miaka mingi ku fonderi, fasi wanayeyushaka metali. Akanisimamisha.

"Alisikia moto mbele ya kuiangalia?"

Ndiyo papa, alisikia.

"Rudilia pale."

Nikarudilia. Akasema ule mwandishi anajua moto, na akavuta kiti karibu.